Mwigizaji wa kishindo au mtulivu: yupi umchukue kwa filamu yako

Tangaza mjini Mombasa kwamba unatafuta waigizaji, na kufika saa nne asubuhi ukumbi utakuwa umejaa watu kutoka Likoni, Kisauni na hata Mtwapa. Wengi watakuja na onyesho moja walilolizoea: mume amefumania, mama amefiwa, kijana amedhulumiwa urithi. Watapaza sauti, watapiga meza, watamwaga machozi ya kweli, na wanaosubiri zamu watawapigia makofi. Kisha ataingia mmoja aseme mistari yake kama anayezungumza na mtu aliye mbele yake, atoke, na hakuna atakayemkumbuka. Mwelekezi hubaki na orodha mkononi akijiuliza ni nani kati ya hao anayejua kuigiza.

Ulinganisho huu ni wa kumsaidia huyo mwelekezi. Msimamo wetu tuuseme mapema: kishindo hakimfanyi mtu kuwa mwigizaji mbaya, na utulivu haumfanyi kuwa mzuri. Mwigizaji wa kishindo ni mzuri ikiwa sauti yake kubwa ina sababu ndani ya hadithi, na ikiwa anaweza kuishusha akiombwa. Asiyeweza kuishusha anafoka kwa kuwa hajui njia nyingine, na huyo atakupotezea siku za kazi hata awe na kipaji cha namna gani.

Kishindo kimetoka wapi

Waigizaji wengi wa Pwani wamelelewa na jukwaa. Walianza kwenye tamasha za drama za shule, wakaingia vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza tamthilia za fasihi zinazotahiniwa, na wengine wakapitia Little Theatre Club, ukumbi wa maigizo wa Mombasa. Kazi hizo zina sharti moja kubwa: mwanafunzi aliyeketi safu ya nyuma kabisa, kwenye bwalo lisilo na maikrofoni, asikie kila neno na aone kila ishara. Bwalo likiwa na watoto mia nne wanaonong'onezana, sauti ya mazungumzo haifiki. Kwa hiyo mkono huinuliwa hadi juu ya kichwa, uso huelekezwa kwa hadhira, na neno la mwisho la sentensi huvutwa. Jukwaani huo ni ufundi kamili, tena mgumu kujifunza, na anayeudharau hajawahi kusimama mbele ya bwalo kama hilo.

Filamu nazo zilianza na ishara kubwa kwa sababu hazikuwa na sauti. The Jazz Singer ya 1927 ndiyo iliyofungua njia ya filamu ndefu zenye mazungumzo, na tangu hapo maikrofoni ikachukua kazi iliyokuwa ya mikono. Konstantin Stanislavski, mwelekezi wa Kirusi, alikuwa amekwisha kuishughulikia shida hii jukwaani kwenyewe, katika Moscow Art Theatre aliyoianzisha na Vladimir Nemirovich-Danchenko mwaka 1898, kwa kuwataka waigizaji waijue haja ya mhusika kabla ya kutafuta ishara. Swali hilo ndilo la kumuuliza kila anayekuja mbele yako: mtu huyu anataka nini kutoka kwa mwenzake sasa hivi?

Ukiwaweka bega kwa bega

Mfano ulio karibu na watu wa Mombasa ni Sholay, filamu ya Kihindi ya 1975. Amjad Khan ni Gabbar Singh, kiongozi wa majambazi. Sanjeev Kumar ni Thakur, ofisa wa polisi aliyestaafu. Gabbar ana kila dalili ya kishindo: kicheko, macho, mkanda unaoburutwa juu ya mwamba. Lakini mtazame anapowahoji watu wake watatu waliorudi wameshindwa. Anaanza kwa sauti ya chini, anatembea, anauliza maadui walikuwa wangapi. Sauti inapanda, inashuka tena, anacheka mpaka na wao wanacheka, kisha anawaua. Kinachotisha ni kutojua sauti itaelekea wapi. Angefoka tangu neno la kwanza, mtazamaji angezoea baada ya nusu dakika na risasi zisingemshtua.

Thakur amekatwa mikono na Gabbar. Kwa sehemu kubwa ya filamu Sanjeev Kumar amejifunika shali mabegani, hana mkono wa kuashiria wala wa kufuta jasho. Amebakiwa na shingo, taya na macho, na chuki yote inapita humo. Hapo unaona kwamba wawili hawa wanategemeana. Ukimya wa Thakur ungekuwa mzito kupita kiasi bila kicheko cha Gabbar, na kicheko hicho kingekuwa cha kuchekesha tu bila mtu aliyekaa kimya akikisubiri.

Akira Kurosawa, mwelekezi wa Kijapani, alifanya vivyo hivyo katika Seven Samurai ya 1954. Toshiro Mifune, akiwa Kikuchiyo, anaruka, anajikuna, anabweka. Takashi Shimura, akiwa Kambei, anapapasa kichwa chake kilichonyolewa na kufikiri. Kuna onyesho ambapo Kikuchiyo anafoka kuhusu wakulima. Kwanza anawatukana kwamba ni wachoyo na waongo, halafu anawageuzia samurai wenzake na kuuliza ni nani aliyewafanya wawe hivyo, na mwisho anaangua kilio. Shimura anamjibu kwa swali moja la sauti ya chini, machozi yakimlenga: kumbe wewe ni mtoto wa mkulima? Kelele ya Mifune imebadilisha shabaha katikati ya safari na imetoa siri ambayo mhusika alikuwa akiificha. Hiyo ndiyo kazi ya kelele. Isipofichua chochote, ikate.

Kwa Mkenya, mfano bora zaidi ni Lupita Nyong'o katika 12 Years a Slave ya 2013, uigizaji uliompa Oscar mwezi Machi 2014. Patsey, mtumwa anayemwigiza, anapaza sauti mbele ya bwana wake, na anachokipigania ni kipande cha sabuni. Alikwenda shamba la jirani kukitafuta kwa kuwa mke wa bwana amemnyima, naye amechoka kunuka. Uchungu wote wa utumwa umepita kwenye kitu kidogo kilicho mkononi. Ukimwambia mwigizaji wako alie, atalia kilio cha jumla kinachofanana na cha kila mtu. Mpe kitu cha kulilia: funguo, risiti, kiatu cha mtoto. Sauti itajipima yenyewe.

Tuzo zisikupe jibu. Al Pacino alikuwa mtulivu kupindukia katika The Godfather ya 1972 na hakushinda. Oscar yake ameipata kwa Scent of a Woman ya 1992, ambamo anafoka sana. Tunaiona kazi ya 1972 kuwa kubwa zaidi, lakini wapo wajuzi watakaobisha.

Kamera na maikrofoni zinavyowapokea

Hapa ndipo watayarishaji wengi hupoteza pesa, kwa hiyo tukae kidogo.

Mazungumzo ya kawaida, yakipimwa mita moja kutoka mdomoni, huwa kama desibeli 60. Mtu anayefoka hufika 85 hadi 90. Fundi wa sauti huweka mazungumzo kati ya desibeli -18 na -12 kwenye rekoda, na mwisho wa kipimo ni 0. Mwigizaji akipanda ghafla kwa desibeli 25, sauti inavuka sifuri na kukatika, inasikika kama spika iliyopasuka, na uhariri hauwezi kuirudisha. Dawa yake ni kurekodi njia mbili kwa pamoja, ya pili ikiwa chini kwa desibeli 12 hadi 20. Mwambie mwigizaji afanye mazoezi ya mstari wake wa juu kabisa kwa nguvu zile zile atakazotumia, kabla kamera haijawashwa. Wengi hufanya mazoezi kwa nusu sauti kisha hulipuka, na fundi wa sauti ndiye anayelaumiwa.

Mwigizaji mtulivu ana shida ya upande wa pili. Sauti yake inashindana na feni ya darini, jenereta ya jirani, tuktuk, kunguru na honi ya feri. Maikrofoni ya fimbo iwe sentimita 50 hivi kutoka mdomoni. Ukiisogeza hadi mita moja unapoteza kama desibeli 6, na fundi akipandisha sauti ili kufidia, feni nayo inapanda. Zima feni wakati wa kurekodi, wape watu dakika tano za upepo kila baada ya marudio machache, na futa jasho kabla ya kuendelea, kwani kwa joto la Mombasa uso unaong'aa huonekana mara moja kwenye picha ya karibu. Maonyesho ya kunong'ona yapange mbali na nyakati za adhana, na kila chumba kirekodi ukimya wake kwa sekunde 60 ili mhariri apate cha kujazia.

Nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za matumbawe, zina matatizo yake. Ukifoka ndani, sauti hugonga plasta na kurudi, na maneno yanaparamiana. Tandika mazulia, tundika mablanketi nyuma ya kamera, egemeza magodoro kwenye ukuta usioonekana. Kwa mwigizaji mtulivu chumba hicho hicho kinafaa, mradi dirisha la barabarani limefungwa.

Sasa lenzi. Picha ya karibu ya milimita 85 kwa kamera yenye sensa kubwa, tundu la lenzi likiwa f/2 na mwigizaji akiwa mita moja na nusu, ina kina cha fokasi (eneo ambamo picha haina ukungu) cha sentimita 4 hivi tu. Mwigizaji wa kishindo husogeza kichwa zaidi ya hapo kwa kila neno, na macho yake yatakuwa na ukungu katika sehemu muhimu. Ukifunga tundu hadi f/4 unapata kama sentimita 8, ila utahitaji mwanga mara nne zaidi. Vinginevyo rudi nyuma, mpige kuanzia kiunoni kwenda juu, umpe nafasi ya mikono. Mpiga picha mzuri hapigani na mwigizaji wa namna hii kwa kumganda usoni.

Kila mmoja anavyoharibika

Wa kishindo huharibika kwanza kwenye kurudia. Sauti ya kufoka hupungua baada ya marudio manne au matano, na rudio la sita halitaungana na la kwanza. Anza na picha ya karibu wakati bado ana nguvu, kisha ya mbali, na mpangie onyesho hilo mwisho wa siku ili koo lisiharibu maonyesho mengine. Pili, mikono. Akipiga meza kwenye neno la tatu mara ya kwanza na kwenye neno la saba mara ya pili, mhariri hana pa kukata. Mtu mmoja aandike kila ishara imefanyika kwenye neno lipi. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, humfunika mwenzake: anaingilia mistari, anaacha kusikiliza, na mwigizaji mpole aliye mbele yake anaanza naye kufoka ili asipotee. Dakika kumi baadaye filamu nzima iko juu na haina pa kupanda. Kwa kipindi cha vipande 13 hilo ni msiba, maana umemaliza hasira zote kabla ya kipande cha tatu.

Mtulivu huharibika kwa namna isiyoonekana upesi, na ndiyo maana tunamwonea huruma mtayarishaji anayemchukua kwa kufuata mtindo. Anameza konsonanti. Anaacha kimya cha sekunde nne kati ya mistari, na onyesho la dakika mbili linakuwa la tatu na nusu. Anasubiri kuhisi kitu badala ya kutaka kitu, na uso unabaki mtupu. Utupu huo husifiwa kuwa uigizaji wa ndani mpaka filamu inapooneshwa na watu wanatoa simu mfukoni. Utulivu wa kweli una kazi ndani yake: mtu anazuia neno, anapima kama aaminiwe, anaficha barua. Muulize anaficha nini. Akijibu kwa sentensi moja, yuko kazini.

Watu wenyewe wanagombana vipi

Kuna kipimo kingine ambacho hakipo kwenye vifaa. Filamu nyingi zinazopigwa Pwani huwafanya mama wa Kiswahili wafoke kama wanaouza mitumba, na mtazamaji wa Mombasa anahisi uongo papo hapo. Ugomvi wa nyumbani mara nyingi hupita kwenye mafumbo. Mawifi wawili wako jikoni. Mmoja amejifunga leso ambayo jina lake ni tusi, naye anaikunjua taratibu, anaifunga upya ili maandishi yakae mbele, anaendelea kukuna nazi. Mwingine anasoma, anasema "Shikamoo, mama" kwa mkwe anayepita, na anaweka sufuria chini kwa uangalifu uliozidi. Hakuna aliyepaza sauti, na vita vimeanza. Mwigizaji atakayefoka hapo amelivunja onyesho, hata kama ukumbi wa majaribio ulimpigia makofi.

Ila usifanye kila Mmombasa kuwa mtu wa mafumbo. Soko la Kongowea alfajiri, makanga wa matatu anayeita abiria, wavuvi wanaovuta nyavu, shangazi anayesimamia jiko la harusi ya watu mia tatu: hao husema kwa sauti kubwa kwa sababu kazi inadai. Mwigizaji mtulivu akiwekwa hapo ataonekana mgonjwa. Ucheshi nao una haki yake. Wachekeshaji Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi cha televisheni cha Kenya, na King Majuto wa Tanga walipendwa kwa miili na sauti zilizozidi maisha, na ukiwatazama vizuri utaona wakati wao ulikuwa wa hesabu kali: kimya kifupi kabla ya neno, uso uliotulia sekunde moja baada yake. Anayewaiga huchukua kelele na kuacha ile sekunde.

Jaribio la robo saa

Usimwache mtu alete onyesho lake alilolizoea. Mpe karatasi hii, au nyingine inayofanana nayo, yenye mistari isiyosema hisia zozote:

Dada: Hati ya nyumba iko wapi, kaka?
Kaka: Nimeiweka.
Dada: Umeiweka wapi?
Kaka: Kwani wataka kuipeleka wapi?
Dada: Mama aiulizia.
Kaka: Mwambie iko salama.
Dada: Umeiuza.
Kaka: Kaa chini kwanza.

Mrekodi kwa simu iliyowekwa mita moja na nusu kutoka kwake, mara tatu. Mara ya kwanza afanye apendavyo. Mara ya pili aketi, mikono chini ya mapaja, na aseme ili mama aliye chumba cha pili asisikie. Mara ya tatu awe huru tena, lakini sauti ipande mahali pamoja tu, kwenye "Umeiuza" au "Kaa chini kwanza". Halafu, anayejaribiwa akiwa Kaka, bila kumwonya, mwambie anayemsomea Dada abadilishe mstari mmoja: badala ya "Mama aiulizia" aseme "Mama analia".

Mwigizaji wa kishindo aliye mzuri ataipita mara ya pili. Utaona shingo ikikaza na pumzi ikibadilika, hasira ikiwa ile ile. Asiyejua ataonekana amezimwa, maneno yatatoka kama anasoma risiti. Mtulivu aliye mzuri atapanda mara ya tatu na hutamshangaa, utahisi ilikuwa inakuja. Asiyejua atapanda kwa koo tu, mwili umebaki nyuma. Na kwenye mstari uliobadilishwa, anayesikiliza atasita japo kidogo. Anayeendelea na "Mwambie iko salama" kwa mlio ule ule hakusikia chochote, na hili kwetu lina uzito kuliko yote yaliyotangulia.

Usiamue papo hapo. Jioni tazama rekodi bila sauti, kisha sikiliza bila picha. Wa kishindo wengi huanguka kwenye zoezi la kwanza, maana mikono inasema jambo lile lile kwa kila mstari. Watulivu wengi huanguka kwenye la pili, kwa kuwa maneno hayasikiki.

Basi umchukue nani

Kwa vichekesho vya dakika tano vya kutazamwa kwenye simu, chukua wa kishindo. Spika ya simu ni ndogo, mtazamaji yuko ndani ya matatu, na uso wa mwigizaji kwenye kioo hauzidi sentimita chache. Kwa mchezo wa redio pia, ila umweke mtu wa kumshusha kwenye maonyesho ya siri.

Kwa kipindi cha familia cha televisheni, kinachotazamwa huku chakula kikipikwa, changanya. Mhusika mmoja wa kishindo kwa kila nyumba anatosha, na wengine wawe wa kumjibu. Wakiwa wawili, wasikutane kwenye onyesho moja mpaka hadithi itakapodai.

Kwa filamu fupi ya tamasha au ya ukumbi wa sinema, ambako uso hupanuliwa mita kadhaa na watu wamekaa gizani bila la kufanya, chukua mtulivu aliyeipita mara ya tatu ya jaribio. Kwa hadithi za majini na kupandisha pepo, wengi hukimbilia mpayukaji. Tunashauri kinyume: chukua mtulivu, mwache aongee kama kawaida mpaka pepo aje, na mpe sauti kubwa mara moja.

Na kama bajeti ni ya siku mbili, huna rekoda ya njia mbili wala mtu wa kuandika ishara, mchukue yule anayeshuka akiombwa, awe wa upande wowote. Mpigie simu siku ya pili, umwombe aje tena na mwenzake mnayetaka kumwoanisha naye, muwarekodi pamoja kwa mistari ile ile minane. Jozi nyingi zinazopendeza kwenye karatasi huvunjikia hapo, na ni nafuu zivunjike kabla hujakodi kamera.